Wauguzi na madaktari, mnawezaje kucheka dakika kumi baada ya mgonjwa kufa?

#1 Kitukuu_wa_Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Sijaja kutukana mtu, nimekuja kuuliza.

Mwezi wa pili nilimpoteza mzee wangu, hospitali moja ya mkoa, mkoa wenyewe nauficha. Wodi ya wanaume, kitanda namba 17. Alilala siku sita. Usiku wa mwisho waliniruhusu nibaki naye, nikawa nimekalia ndoo niliyoigeuza juu chini. Kama saa tatu hivi nikaona kifua kimetulia. Nikaita sista. Akaja, akamgusa shingoni, akaita daktari, wakavuta pazia. Baadaye daktari akatoka, akanishika bega: "Pole kaka, mzee ametangulia."

Nikapelekwa pale mezani kusubiri karatasi. Hazikuisha dakika kumi, chumba cha wauguzi kikalipuka kwa kicheko. Kile cha kupiga paja. Halafu sauti ya yule yule sista aliyevuta pazia: "Mwambie chipsi zangu asisahau kachumbari!"

Ndiyo hiyo kachumbari mpaka leo imenikaa kooni. Mnafundishwa? Mnazoea? Au mnakuwa mawe?

#2 chapati_maji
Pole sana mkuu. Nachukua siti ya mbele, ngoja wenyewe waje.

#3 Jembe_Halilimi
Waje kusema nini? Hao roho zilishakauka. Bibi yangu aliomba maji usiku kucha, sista anachezea simu. Wakifiwa wao ndio utaona wanavyogaragara.

#4 Sista_Naiti
Pole mdogo wangu #1. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa 14, kumi kati ya hiyo nimekaa wodi ya wanaume. Naongea ninayoyajua mimi, wenzangu wataongeza.

Pazia likishavutwa tunakuwa wawili mle ndani. Tunachomoa kanula, tunatoa mpira wa mkojo, tunafumba macho, tunafunga taya kwa bandeji kabla halijakaza, tunanyoosha mikono, tunafunga vidole gumba vya miguu pamoja, tunamfuta mwili, tunaandika jina kwenye plasta, tunamzungushia shuka. Chuoni inaitwa lasti ofisi. Mimi huwa naongea nao. "Baba, nakugeuza kushoto." "Baba, nisamehe, maji ya baridi." Nilifundishwa na sista mmoja mtu mzima, sasa amestaafu. Akikuta mwanafunzi anafanya kimya kimya alikuwa anamuuliza, "Unafunga mzigo wa sokoni?"

Halafu pazia linafunguliwa. Namba 16 na namba 18 hawajalala, wanajifanya wamelala. Wanakutazama usoni. Nikitoka pale nalia, namba 18 atahesabu kwamba yeye ndiye anayefuata, na kesho atakataa dawa. Kwa hiyo natoka na kumuuliza, "Mbona uji hujaumaliza?" Ule uso ndio watu mnaouita jiwe.

Kicheko cha chumbani sikitetei, mlango ungefungwa. Ila huyo sista inawezekana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mchana.

#5 Kitukuu_wa_Kilosa
Asante sista. Uso wa kazi nauelewa. Ila nilichosikia mimi hakikuwa uso wa kazi, ilikuwa furaha kabisa. Ndicho kinachonisumbua.

#6 Jembe_Halilimi
Sista #4 umeongea vizuri lakini simu ya yule aliyemnyima bibi maji hujaigusa.

#7 Sista_Naiti
Sijaigusa kwa sababu sikuwepo. Bibi yako angeweza kuwa amezuiwa maji kwa sababu ya kupaliwa au kusubiri upasuaji, na angeweza pia kuwa ameangukia mikononi mwa mtu mvivu. Wapo. Siwezi kukuapia.

#8 Intani_Aliyechoka
Nimemaliza intani mwaka juzi. Naomba niseme ya kwangu.

Kifo cha kwanza kukithibitisha nilikuwa peke yangu. Unamulika macho kwa tochi, mboni hazisinyai. Unatafuta mapigo shingoni. Unaweka stethoskopu kifuani, unasikiliza. Kitabuni ni rahisi. Siku ile nilisikiliza muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa nasikia moyo unadunda, na sikujua kama ni wake au wangu. Wangu. Nikaangalia saa, nikaandika. Nikiwa bado naandika, simu ya marehemu ikaita chini ya mto. Kwenye kioo: MKE WANGU. Muuguzi akaniangalia, nikamwangalia. Ikaita mpaka ikakata. Ikaanza tena.

Nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nisisikike. Niliporudi bosi wangu akaniambia, "Kunywa chai, kuna mgonjwa kitanda cha 12." Nilimchukia kwa wiki nzima. Mwaka uliofuata na mimi nilimwambia intani mwingine maneno hayo hayo, neno kwa neno.

#9 chapati_maji
Dah. Nilikuja na bisi, naziweka pembeni.

#10 Mtani_wa_Iringa
#1 pole. Naona wote mnazunguka tu, jibu liko kwenye mila zetu. Msibani kwetu watani wanafanya nini? Wanacheka! Wanaiga marehemu alivyokuwa anatembea, wanalala kaburini wanagoma kutoka mpaka wapewe hela, wanadai deni la uongo mbele ya mjane. Na hakuna anayekasirika, kwa sababu wafiwa hawana nguvu ya kucheka, wanachekewa na wengine. Sasa hospitali ni msiba usioisha, kila siku. Wauguzi wamekuwa watani wa wafiwa wote. Huo ndio mtazamo wangu.

#11 Mngoni_Original
Mhehe umeongea la maana mara ya kwanza tangu ujiunge humu.

#12 Mtani_wa_Iringa
Nyamaza, mjukuu wa watu waliokuja kwa miguu kutoka kusini. Babu zako tuliwatoa mbio karne ya 19, leo unanipa alama.

#13 Mngoni_Original
Mlitutoa mbio mkiwa mbele?

#14 Kitukuu_wa_Kilosa
Hahaha. Lakini mtani #10, kuna tofauti. Mtani anakuja kwa niaba yangu, namjua, na ananichekesha mimi. Yule sista hakujua kama nasikia. Ule haukuwa utani wa kunifariji.

#15 Mtani_wa_Iringa
Hapo umenibana. Nitafikiria.

#16 Mwenyeji_wa_Igoma
Vijana shikamooni kwa kuwa hamnisalimii. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Mwanza ile 1997 meli ya MV Bukoba ilipozama. Naomba niwaambie kuhusu kucheka.

Miili ilipelekwa uwanja wa Nyamagana ndugu waje kutambua. Tulipelekwa kusaidia. Siku ya kwanza tulilia wote. Siku ya tatu hakuna aliyelia. Siku ya nne, mwenzetu mmoja alivaa gambuti, moja la kushoto na lingine pia la kushoto. Anatembea kama bata. Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini, akatapika. Yule aliyetapika ndiye aliyeendelea na kazi mpaka mwisho. Aliyekataa kucheka, binti mpole sana, aliacha chuo. Sisemi kucheka ni kuzuri. Naeleza nilichokiona.

#17 Mwalimu_Tarehe
Mzee marahaba kwa kinyume. Ilikuwa tarehe 21 Mei 1996, si 1997. Marekebisho tu, sipunguzi uzito wa uliyoyaeleza.

#18 Mwenyeji_wa_Igoma
Sahihi, 1996. Mwaka umenitoka, lakini yale magambuti nayaona mpaka sasa.

#19 Chumba_Baridi
Nyie wote mnaongelea wodi. Mimi nafanya kazi mochwari, mwaka wa tisa. Watu wakijua kazi yangu wananipa mkono kwa vidole viwili.

Sisi tuna nafuu moja: wanatufikia wakiwa tayari wameondoka. Hatukuwajua, hawakutuambia habari za shamba lao wala mtoto aliyefaulu. Muuguzi amemlisha uji wiki nzima, huyo ndiye anayefiwa. Wanaonitoa jasho mimi ni wa aina mbili tu. Watoto, na mtu ninayemjua. Mwaka juzi nilifungua shuka nikakuta ni muuza maandazi wa mtaani kwetu, asubuhi yake alikuwa amenipa moja la nyongeza. Nilifunga mlango nikakaa nje saa nzima, wakaja kunitafuta.

Wazee huwa nawaamkia. Shikamoo mzee. Wenzangu wananicheka. Wanawake watu wazima, shikamoo mama. Sijui kwa nini, mdomo umezoea.

Wenzangu wengi wanakunywa. Nami nilikunywa mpaka 2021. Hilo hakuna atakayeliandika kwa jina lake halisi humu.

#20 Jembe_Halilimi
#19 heshima kwako. Wewe unayewaamkia wafu ndiye uliyetakiwa uwafundishe hao wa wodini.

#21 Bint_Darajani
Asalaam alaykum. Niko Unguja, nafanya kazi wodi ya wazazi. Naona hakuna aliyetaja imani. Kwetu mtu akifa tunasema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, tunamfumba macho, tunamfunga kidevu, tunamwelekeza kibla kama kitanda kinaruhusu, na jamaa zake wanafanya haraka kumchukua wakamwoshe. Mimi sikubali kwamba nimekufa ganzi. Siku zake zimefika. Mimi si mwenye kutoa roho wala si mwenye kuirudisha. Bila kuliamini hilo nisingemaliza hata mwezi mmoja.

#22 Intani_Aliyechoka
Dada #21 nakuheshimu, lakini "siku zake zilifika" ndiyo sentensi iliyonitesha kuliko zote. Kuna mama alitufia leba kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Damu ilikuwa inalowanisha kanga, sisi tunakadiria kwa macho. Kigoma watafiti waliwahi kuipima, wakaona kanga mbili zikilowa kabisa ni zaidi ya nusu lita. Yule tuliacha kuzihesabu. Damu ya kuongezewa ilichelewa, na dawa moja tulimpa kwa kuchelewa. Tulipotoka kuwaambia ndugu, mtu mzima wa upande wetu akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mume akaitikia amina. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kandambili zimejaa damu, najua makosa mawili kwa majina na saa zake.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wanaweka kitambaa cha plastiki chenye mistari chini ya mama, damu inasomwa kama mafuta kwenye chupa, na ikifika mstari fulani tiba zote zinatolewa kwa pamoja. Kutoka damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Wenzangu walisherehekea. Mimi nililala mapema siku ile.

#23 Bint_Darajani
Mdogo wangu, kuamini ajali, yaani siku ya mtu iliyopangwa, hakukuzuii kuhesabu kanga. Mimi nazihesabu na naamini. Aliyesema kazi ya Mungu haina makosa alikuwa anajificha nyuma ya Mungu, na hiyo ni dhambi yake.

#24 Takwimu_Safi
Niongezee hapo. Kifo cha mama mjamzito au mzazi hakipiti hivi hivi. Kinatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24, halafu kinakaa kikao cha kujadili kilichotokea. Sheria ya kikao ni kutotajana majina wala kulaumiana. Na mambo yamebadilika: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 ukatoa 104.

#25 Intani_Aliyechoka
Kikao nimekaa. Ni kweli majina hayatajwi. Wanasema "aliyekuwa zamu". Tulikuwa watatu zamu ile, kila mtu chumbani anatujua. Waliniuliza dawa ilitoka saa ngapi, nani aliipigia simu maabara, fomu ipo wapi. Maswali halali yote, na kesho yatamwokoa mama mwingine. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala.

#26 Tabibu_Kijijini
Nyie wa hospitali za mkoa mna bahati ya kikao. Mimi niko zahanati. Mtoto akifia mikononi mwangu kwa malaria kali, jioni nakutana na baba yake dukani, kesho kanisani, keshokutwa kisimani. Mimi nimeenda kuchimba kaburi la mgonjwa wangu, nimeshika jembe. Kijijini daktari asipoonekana msibani, basi ameua. Kwa hiyo #1, mimi sina chumba cha kuchekea.

#27 Kitukuu_wa_Kilosa
#26 hapo umenigusa. Pengine hicho ndicho nilichokitaka. Mtu wa hospitali aje msibani, hata mmoja.

#28 Sista_Naiti
Mwezi uliopita walikufa kumi na mmoja wodini kwangu. Nikienda misiba yote nani atabaki na walio hai? Nimewahi kwenda miwili tu. Wa pili ndugu walinifukuza.

#29 Otieno_wa_Zamu
Hamjambo majirani. Mimi ni nesi huku Kenya. Kwetu neno ni moja tu: kaza roho. Ukilia unaambiwa kaza roho. Kaunsela yuko, lakini yuko kwa karatasi, ofisi yake imefungwa na kufuli.

Wacha niwaambie kitu. 2017 wauguzi tuligoma, mgomo ukakaa karibu miezi mitano. Nilirudi ushago, kijijini kwetu, nikidhani nitapumzika. Ndipo wakaanza kuja. Nikilala naona kitanda cha nne, nikiamka naskia mashine ikilia. Watu niliodhani nimewasahau miaka sita. Kumbe kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inawafungia mlango. Niliporudi kazini wakapotea. Sasa naogopa kustaafu, si mchezo.

#30 Mwanasaikolojia_Mtarajiwa
Hiyo ya #29 na ile ya #8 ni kitu kimoja. Sio mazoea. Mtu aliyezoea kweli hakumbuki jina lililokuwa kwenye simu. Hii ni kuahirisha. Unaweka kwenye droo, droo inajaa. Kuna uchovu wa huruma pia, mtu anatoa mpaka hana tena, ndipo anakuwa mkali kwa ndugu wa mgonjwa. Yule sista wa #3 asiyetoa maji pengine alishafika huko.

#31 Jembe_Halilimi
Kwa hiyo sasa mimi nimwonee huruma yeye. Bibi kafa na kiu, nimpe pole sista. Endeleeni.

#32 Mbeba_Boksi_Uingereza
Salaam kutoka baridini. Wodi ninayofanya kazi mtu akifariki kuna wenzetu wanafungua dirisha kidogo, eti roho itoke. Wazungu hao hao tunaoambiwa hawaamini kitu. Baada ya kujaribu kumrudishia mgonjwa uhai ikashindikana, kiongozi anauliza kama tunakubali kusimama kimya. Sekunde chache tu, wote mikono chini, tunamkumbuka kama mtu aliyependwa na watu. Wazo hilo alilisambaza muuguzi wa Virginia, Marekani, Jonathan Bartels. Haligharimu hata senti. Lingewezekana hata huko nyumbani.

Halafu kuna neno la Dk. Albert Wu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2000. Mgonjwa akidhurika kwa kosa la tiba, mhudumu aliyehusika naye anaumia, akamwita mwathirika wa pili.

#33 Kitukuu_wa_Kilosa
Mkuu #32 ile ya kusimama kimya nimeipenda. Ila hilo neno, hapana. Mwathirika wa kwanza ni baba, wa pili ni mama yangu anayelala upande mmoja wa kitanda mpaka leo. Muuguzi awe wa ngapi sijui, lakini si wa pili.

#34 Mbeba_Boksi_Uingereza
Hauko peke yako. Mwaka 2019 watu waliopoteza ndugu zao waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza wakitaka neno hilo liachwe, kwa hoja karibu na yako: linaficha kwamba kuna aliyewajibika.

#35 Intani_Aliyechoka
Mimi sihitaji kuitwa mwathirika. Nahitaji mtu aniulize nimelala.

#36 Wodi_ya_Moto
Sijawahi kuandika humu. Agosti 2019, lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliowauguza majeruhi. Nimesoma sehemu nyingi kwamba walikufa sitini na kitu. Hizo zilikuwa hesabu za siku ya kwanza. Walipita mia, kwa sababu waliendelea kufa wakiwa mikononi mwetu, siku baada ya siku.

Kitu ambacho watu hawakijui kuhusu moto: mgonjwa aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaongea. Masaa ya kwanza anaongea vizuri kabisa. Anakuambia jina lake, pikipiki yake ameiacha wapi, anauliza ataruhusiwa lini. Ukiungua juu juu unapiga kelele, ukiungua ndani mishipa ya maumivu imekufa. Wewe unajua. Yeye hajui. Mmoja aliniagiza nimchajie simu. Nikaichaji. Ilipofika asilimia mia alikuwa ameshafariki, na mimi nikasimama na ile simu mkononi nisijue niichomoe au niiache.

Mimi sikucheka, sikulia, sikunywa. Nilianza kufua. Nilikuwa natoka zamu nafua nguo ambazo si chafu. Mume wangu akawa anazianika bila kuuliza.

#37 chapati_maji
Sina la kusema. Mpe salamu huyo mume.

#38 Mhudumu_wa_Usafi
Nyie mnaongelea madaktari na masista, sisi wafuta sakafu hamtuhesabu. Godoro likibaki tupu nani anakuja? Mimi. Nalifuta na klorini, nafuta chuma cha kitanda, natafuta chini ya kabati. Kuna ndala, kuna nusu ya sabuni, kuna kitambulisho. Mara moja nilikuta meno ya bandia kwenye kikombe. Nikayakimbiza mpaka getini, gari la ndugu lilikuwa limeshaondoka. Nikayakabidhi, yakaandikwa kitabuni. Nusu saa baadaye kitanda kina mtu mwingine, anauliza choo kiko wapi.

#39 Sista_Naiti
Huyu #38 kasema kweli. Na tuna miiko yetu msiyoijua: hakuna ruhusa kutamka "leo wodi imetulia". Ukitamka, wenzako wanakutimua. Na wakifa wawili kwenye zamu moja wote tunamsubiri wa tatu.

#40 Mwalimu_Tarehe
Hiyo ya watatu ni upuuzi, mnahesabu wanapofika watatu, wakiwa wawili mnasahau.

#41 Sista_Naiti
Njoo ulale naiti moja mwalimu, tutakupa na kiti.

#42 Mla_Mihogo
Samahani natoka nje ya mada. Chipsi hospitalini saa tatu usiku wanaleta hadi wodini? Huku kwetu geti linafungwa saa mbili.

#43 Chumba_Baridi
Mlinzi anapewa za kwake, linafunguka.

#44 Mtani_wa_Iringa
Nimefikiria, kama nilivyoahidi #15. Mtani naye, mkuu, hachekeshi wafiwa tu. Babu yangu alikuwa mtani maarufu wa misibani, alipokufa mtani mwenzake tulimkuta nyuma ya banda la ng'ombe anajichekesha peke yake, kwa sauti, machozi yanamtiririka. Sijui hii inasaidia upande gani.

#45 Mngoni_Original
Huo upande wa kulia. Hata mimi nimeishiwa utani leo.

#46 Kitukuu_wa_Kilosa
Wakuu, mrejesho. Wiki iliyopita nilirudi pale hospitali kufuatilia jina la mzee lililokosewa kwenye karatasi, ili tupate cheti cha kifo. Nikamkuta yule sista. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kwenye basi.

Hakunikumbuka. Nikamwambia mwezi wa pili, mzee, kitanda 17. Akakunja uso, akafikiria kweli kweli, nikaona anatafuta. Halafu akasema, "Aaah, yule mzee wa redio! Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari mpaka betri zinaisha, nikamletea za kwangu. Pole sana kaka."

Baba hakuwa na redio.

Nikamwambia ndiyo, huyo huyo. Nikamshukuru kwa betri. Karatasi wamesema niifuate Ijumaa.

#47 Sista_Naiti
Redio itakuwa ya namba 16. Usiku vitanda vinachanganyika kichwani, mdogo wangu. Mimi pia huwa nawapa watu vitu vya wengine.

#48 Kamanda_wa_Nzega
Sijasoma uzi wote, nimesoma kichwa tu. Wauguzi acheni dharau, mnacheka nini mtu kafiwa?